Jumapili ya Kubadili Oili

Barua yangu ya posa ilikaa kwa Mzee Leodegar wiki tano bila jibu. Mjomba wangu Didas ndiye aliyeipeleka, kavaa koti lake la kanisani, akapewa chai na mkate, akaambiwa "tutawajulisha," akarudi. Wiki tano nzima! Ilikuwa mwaka hamsini na tatu, mie kijana wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa nampenda binti wa Mzee, Demetria, kiasi cha kutoka nyumbani na soksi za rangi mbili. Kumngojesha mtu wa hali hiyo ni ukatili, na hata leo nikikumbuka nakasirika kidogo.

Wiki ya sita ilipoanza, Jumapili baada ya misa, Mzee mwenyewe aliniita pembeni ya kanisa. Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa Mahenge, mrefu na mkavu, anayezungumza kama vile kila neno lake linaandikwa. Tena alikuwa na gari. Kinondoni ya siku zile, Mwafrika mwenye gari lake mwenyewe ulimhesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kijani, alilouziwa na bwana mmoja wa serikali aliyekuwa akirudi kwao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ni fundi wa magari."

Hapo ndipo ilinipasa kusema kweli. Sikuwa fundi. Nilikuwa nauza spea dukani kwa Pyarali, kule Uhindini. Ungeniamsha usingizini ukanitajia gari lolote, ningekutajia namba ya filta yake, plagi zake na beringi zake, kisha nikalala tena. Lakini kushika spana na kuingia chini ya gari sijawahi hata siku moja. Demetria ndiye aliyewaambia kwao kwamba mie ni fundi, kwa sababu neno "fundi" lilisikika vizuri kuliko "muuza duka," nami nikaliacha litembee kwa kuwa lilinipendeza.

"Najaribu, Mzee," nikasema.

"Basi Jumapili ijayo njoo unibadilishie oili, na hiyo filta yake. Ukimaliza nitaliwasha. Nikiridhika, nitakujibu barua yako."

Nikarudi nyumbani nikiwa nusu natembea, nusu naruka. Nilipofika ndipo akili ikanirudi. Jibu la barua yangu lilikuwa limefungwa chini ya gari, na mie sikujua hata nati ya kumwagia oili iko wapi.

Jumamosi mchana, wateja walipopungua, nilimweleza tajiri yangu Pyarali. Alicheka mpaka akavua miwani. Mkewe, Maryambai, aliyekaa kwenye meza ya mbele na kulijua duka lile kuliko mumewe, hakucheka. Alitaka kwanza kujua msichana mwenyewe anafanya kazi gani. Nilipomwambia ni mwalimu wa shule ya misheni, akasema, "Basi ni kazi ya kweli hii. Pyarali, acha kucheka, mfundishe mtoto wa watu."

Pyarali akanifundisha pale pale, mikono ikicheza hewani. Washa gari kwanza lipate moto, oili iwe nyepesi. Zima. Ingia chini, fungua nati, acha itiririke mpaka tone la mwisho. Kaza nati. Fungua kikombe cha filta, toa ya zamani, safisha kikombe, weka mpya. Mwaga oili mpya juu, pima, basi. Akilieleza yeye, lilikuwa jambo la kumaliza chai haijapoa.

Kuchagua filta hakuna aliyenifundisha, hapo nilikuwa kwangu. Namba ya injini ya Mzee Leodegar niliijua zamani, nadhani kabla sijaijua siku ya kuzaliwa ya binti yake. Nikapanga boksi tatu mezani. Moja ilikuwa ya kitambaa, rahisi, ya watu wenye haraka. Ya pili ya karatasi iliyokunjwakunjwa, nyeupe, mpya kutoka Ulaya, inayokamata hata uchafu usioonekana kwa macho. Ya tatu nayo ya karatasi, upana ule ule, ila fupi kwa kiasi cha upana wa kidole. Ile fupi ndiyo hatari yenyewe. Inaingia kwenye kikombe bila ubishi, kikombe kinafungika, lakini oili inapita juu yake bila kuchujwa, na mwenye gari hajui kitu mpaka siku injini inaanza kugonga. Nikachukua ile ndefu ya karatasi, nikaipima kwa rula mara mbili, ingawa namba nilikuwa naijua. Maryambai akanitilia na mpira mpya wa mdomo wa kikombe, akanionya nisiurudishe wa zamani. Nilikuwa na furaha kama nimeshaoa.

Oili wakati ule tulipima kutoka kwenye pipa, kila mtu na chombo chake. Maryambai akanipa makopo mawili ya samli yaliyokuwa tupu, yana vifuniko. "Moja weka mpya," akasema, "na moja utawekea chafu. Hukosi mtu wa kuitaka."

Na kweli, kuitaka ilikuwa imeshatakwa. Kinondoni kila mtu alikuwa anajenga, na nguzo usipoipaka oili chafu, mchwa wataila kabla hujahamia. Gari likisimama kubadili oili, watu walikuwa wanafika na makopo hata kabla injini haijazimwa. Safari hii aliyewahi ni Bi Tunu, jirani wa Mzee Leodegar, mama wa Kizaramo aliyekuwa anajenga jiko jipya. Alikuwa amenisimamisha njiani tangu Jumatano. "Ile nyeusi ni yangu mwanangu, usije ukampa mtu," alisema, na nikamwahidi.

Jumapili ikafika. Mzee alinikabidhi funguo, akaingia ndani na gazeti lake. Demetria akabaki na mie uani, kavaa gauni la misa na kanga begani, macho yanamng'aa. Nikawasha gari, likapata moto, nikazima. Nikatandika gunia, nikasukuma karai chini ya injini, nikaingia na spana ya kuazima dukani.

Nati ikagoma. Nikavuta, nikasukuma, nikaning'inia nayo. Demetria akainama. "Ansbert, nadhani unaikaza."

Alikuwa amesema kweli. Ukilala chali kila kitu kinageuka, na mkono wangu ulikuwa unakaza kwa bidii zote. Nikageuza upande, nati ikaachia ghafla, na oili ya moto ikanishukia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga kelele kidogo. Demetria akacheka kwa kujiziba mdomo na upande wa kanga, nami nikacheka huko huko chini, kwa maana ilikuwa inatoka, jamani. Niliifungua nati kwa mkono wangu na oili ilikuwa inatoka.

Lakini oili gani ile! Ilikuwa nzito, nyeusi, inavutika kama lami. Na nilipofungua kikombe, filta ya zamani niliitoa kwa bisibisi, vipande vipande, wala sikuweza kujua iliwahi kuwa kitambaa au karatasi. Nikashangaa gari la mtu nadhifu kama Mzee linabeba uchafu wa namna ile. Nikakaza nati. Nikaimimina ile oili chafu kutoka kwenye karai hadi kwenye kopo la samli, nikaliweka kibarazani na kifuniko chake, kando ya mwenzake. Kisha, kwa sababu furaha ilikuwa imenipanda kichwani, nikapaza sauti kuvuka ua:

"Bi Tunu! Kopo lako liko tayari, hapo kibarazani."

Nikarudi kwenye filta. Nilisafisha kikombe kwa mafuta ya taa mpaka kikaonyesha sura yangu. Nikavika mpira mpya. Nikaingiza ile karatasi nyeupe polepole, ikakaa kama imezaliwa humo. Nikafunga. Nikamwambia Demetria aniletee kopo la oili mpya, nikafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa kweusi.

Nikatazama lile kopo. Nikatazama kibarazani, hapakuwa na jingine. Nikavuka ua mbio, na huko nikamkuta Bi Tunu yuko kwenye nguzo ya nne, anapaka kwa kumbi la nazi, anaimba taratibu. Nguzo zake zote zilikuwa zinameremeta rangi ya asali, na kopo lilikuwa limebaki na unyevu tu chini.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," akasema. "Oili safi namna hii sijaiona. Inateleza kama samli yenyewe."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Nikarudi, nikamwambia Demetria yaliyotokea.

Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Mzee angetoka muda wowote. Demetria alitazama mlango, akatazama kopo, akanong'ona: "Mimina hiyo hiyo."

"Hii chafu?"

"Si ndiyo iliyokuwa humo tangu zamani? Gari lilikuwa linakwenda. Baba aliwashe, aridhike, akujibu. Kesho utaleta nyingine."

"Dema, filta ni mpya ile. Nikimimina hii inakufa leo leo."

"Filta," akasema. "Mie nangoja wiki sita, wewe unaionea huruma filta?"

Nikainua kopo. Nasema kweli, nililiinua hadi kwenye mdomo wa injini. Nilimtaka binti yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini uongo mmoja nilikuwa nao tayari, ule wa ufundi, na ulikuwa umeninyima usingizi wiki nzima. Wa pili nisingeweza kuubeba juu yake. Nikaliweka kopo chini, nikaingia ndani na oili yangu mikononi, nikasimama mbele ya gazeti la Mzee Leodegar.

"Mzee, nimepoteza oili yako. Mpya yote iko kwenye nguzo za Bi Tunu, nimebaki na chafu. Tena mie si fundi. Nauza spea. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kubadili oili."

Mzee alikunja gazeti mara moja, mara mbili, mara tatu. Akainuka, akatoka uani, akachungulia juu ya ua. Alizitazama zile nguzo kwa muda mrefu. Akarudi kwenye gari, akachutama penye mabaki ya filta ya zamani, akayagusa kwa kijiti. Mie nilikuwa nimeshajiona njiani kurudi kwetu Bukoba.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Filta, Mzee. Ya zamani."

"Ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kikombe. Akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake.

"Miaka mitatu ninalo gari hili," akasema, na kwa mara ya kwanza maneno yake hayakuwa yamenyooka. "Kila ikipungua, naongeza. Sikujua inamwagwa. Habari ya filta nimeisikia mwezi uliopita, kwa karani mwenzangu, nikaitikia kama najua." Akakitupa kile kijiti. "Gereji siwezi kwenda kuuliza. Kila mtu Kinondoni anajua Leodegar ni mtu wa gari. Nikasema, ngoja huyu fundi aje, nisimame karibu nione."

"Lakini ulikuwa ndani na gazeti, Mzee."

"Nilikuwa dirishani."

Demetria akageuza uso haraka. Mie sikuthubutu kucheka, ingawa kifua kilikuwa kinanipasuka.

"Hiyo nyeusi haiwezi kutufikisha mjini?" akauliza Mzee.

"Inaweza, Mzee. Ila itaiharibu filta mpya, na kazi itakuwa bure."

"Na huyo Mhindi wako, Jumapili atakupimia?"

"Anakaa nyuma ya duka. Atanipimia."

Mzee akalitazama gari lake. Tangu alinunue, hakuna aliyemwona akienda mjini kwa miguu. Akaingia ndani. Nilidhani yamekwisha, kumbe alikuwa amefuata kofia.

"Basi twende," akasema.

Kopo la Bi Tunu tulilifuta kwa matambara, akalibeba mwenyewe, akakataa kabisa nimpokee. Tulishika njia, yeye na suti yake ya misa, mie na oili mpaka kwenye viwiko, tukakata Magomeni. Watu walikuwa vibarazani, wametoka kula. Niliona wanavyogusana kwa viwiko. Mzee alitembea ameinua kichwa, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa, na nilimhurumia hata barua yangu nikaisahau.

Karibu na mteremko wa Jangwani mtu mmoja wa mahakamani, Fransis, aliyekuwa amekaa na wenzake mlangoni, akasimama. "Mzee Leodegar, vipi leo, gari limekuangusha?"

Mzee akasimama. Akahamisha kopo kutoka mkono huu hadi mwingine, akanishika bega kwa ule uliobaki mtupu.

"Gari ni zima," akasema, akitamka kila neno. "Linabadilishwa oili na filta. Huyu ni Ansbert, mkwe wangu, ndiye anayelishughulikia."

Fransis akanyoosha mkono kunipongeza. Nikampa wangu na oili yake yote, na wala sikumwomba radhi.