Uso Uliotoka Saluni

Dafrosa alijitazama kwenye kioo cha saluni ya Queen, kule Nsemulwa, akaona kwamba anamfahamu mwanamke aliyemo. Hilo ndilo lililomchanganya. Alikuwa amejiandaa kumwona mgeni.

Alifanya kazi maabara, na alizoea kupima kwanza, kusema baadaye. Akajipima. Nyusi zimechongwa, wanja umevutwa nje ya pembe za macho, kope za bandia zimekaa sawasawa. Midomo, ambayo haikuwahi kupakwa zaidi ya mafuta ya mgando, ilikuwa na rangi ya damu ya mzee.

"Nimezidisha?" Queen aliuliza.

"Hapana. Ongeza midomoni."

"Eh! Si ulisema kidogo tu, usije ukawatisha wakwe kwenye sendofu, siku yako ya kuagwa?"

"Nilisema. Ongeza."

Hakujua kwa nini alijibu hivyo. Severini, mchumba wake, alipenda kumwambia, "Wewe hujifichi. Ulivyo moyoni ndivyo ulivyo usoni." Dafrosa hakuwahi kumbishia. Lakini uso mtupu haukuwa uamuzi wake. Shule ya bweni ya masista ilikataza rangi, maabara nako hazikufaa, mwisho yakawa mazoea. Watu waliyaona mazoea, wakayaita tabia.

Jioni hiyo alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi, akisubiri kuitwa. Severini akampita. Kisha akarudi.

"Dafrosa?"

"Ndiyo."

"Umependeza," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Ila nawa kabla hujaingia. Mama ametoka Usevya, amekuona mara moja tu. Nimemsifia mkwe asiyejipaka. Ataniona mwongo."

"Na mimi?"

"Wewe umefanyaje?"

Dafrosa aligusa wanja kwa ncha ya kidole. "Nitaona," akasema.

Hakunawa. Hakuamua kutonawa pia; aliitwa ukumbini akiwa bado anafikiri. Aliingia na Mercy, msimamizi wake, gauni zao zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Mercy hakujipaka kitu. Poda humletea vipele.

Kwenye ukoo wa kina Severini, mama mkwe hamkaribishi mkwe kwa hotuba. Humfunga kitenge kiunoni mbele za watu na kusema, "Huyu ni wangu." Tena aliyefunga hafungui, kufungua ni kumkataa. Ndiyo maana ukumbi ulitulia Mama Pelagia, mama yake Severini, alipoinuka na kitenge chake kipya mkononi. Alimtazama Dafrosa, akamtazama Mercy. Akatabasamu, akakifunga kiunoni mwa Mercy, mafundo mawili.

"Huyu ni wangu!"

Vigelegele vilianza, vikakatika katikati.

"Mama, mimi naolewa lini jamani?" Mercy aliuliza, mikono juu kama aliyekamatwa. "Mume wangu yuko pale, anakula!"

Watu wakaangua kicheko. Edgar, mshereheshaji, akadaka kipaza sauti. "Wageni waalikwa, mama ameshachagua! Severini, kaka, unasemaje?"

Severini alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama Pelagia alielekezwa kwa Dafrosa. Akamsogelea, akamkagua kidevu hadi paji la uso. "Huyu? Siye niliyeonyeshwa. Leteni maji anawe, nimwone. La sivyo mimi sifungi mtu."

Beseni na birika vilikuwa palepale, pembeni ya meza ya chakula. Mtu akavisogeza. Ukumbi ukasubiri.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Maji, kitambaa, na uso ule mtupu ungerudi, mama apate mkwe wake. Huo ulikuwa ukweli. Lakini wa pili ulikuwepo pia: akiwa na uso ule hakuwahi kumwambia mtu yeyote "ongeza". Ukweli upi uuzidi mwingine, hakujua. Angekuwa maabara, angerudia kipimo. Hapa hapakuwa na cha kurudia.

Aliliangalia beseni, akalipita. Akapiga magoti mbele ya Mercy, akafungua mafundo, la kwanza, la pili. Mercy akashusha pumzi. Dafrosa alikibeba kitenge mpaka kwa Mama Pelagia, akapiga magoti tena.

"Nifunge, mama."

"Nimfunge nani?"

"Sijui vizuri, mama. Ila ndiye anayeolewa."

Mama Pelagia alikipokea kitenge, akakipangusa. Kisha mama akaguna. "Heh! Haya, umenikalisha kwenye moto." Akamfunga, kwa nguvu iliyomfanya Dafrosa ayumbe. Ila yale maneno ya kwao hakuyasema. "Kesho asubuhi nikija kuaga, nitamkuta yupi?"

"Hata mimi nitamwangalia kwanza, mama."

"Nyie wasomi," mama akasema, akarudi kukaa. Haikueleweka kama ameridhika.

Severini aliitwa asimame na mwenzake. Akaja, akamshika mkono, akilitazama fundo badala ya uso.

"Utanawa saa ngapi?" alinong'ona.

Dafrosa alipitisha ulimi midomoni, akaonja ile rangi. Edgar akapaza sauti wapigiwe muziki. Ikabidi wacheze.