Piano ya Nyaguthii na Mashine za Johnstone

Nyaguthii hakuwahi kumdharau mtu kama alivyomdharau Johnstone. Ati karudi kutoka Ujerumani na tepurekoda, kamera, televisheni na ndevu! Ukimuuliza alisomea nini huko, anakujibu, "Sauti za umeme." Ebo! Tangu lini umeme ukaimba?

Lakini shida haichagui rafiki. Kampuni ya wanahisa ilikuwa imenunua shamba la mzungu nje ya Eldoret, pamoja na nyumba yake na piano iliyoachwa sebuleni. Nyaguthii, mwalimu wa kwaya, ndiye peke yake aliyeipiga. Sasa Mwenyekiti, Mzee Nderitu, alitaka iuzwe kwa hoteli moja mjini ili kampuni ipate fahali wa gredi, wa mbegu ya kizungu. "Piano haizai ndama," alisema. Alikubali tu wanahisa waisikie Jumamosi moja kabla ya kupiga kura.

Johnstone akajifanya mkombozi. "Piano peke yake itawalaza, dada. Tuichanganye na densi, picha na sauti za mashine."

Wiki nzima akamrekodi Nyaguthii akifanya mazoezi, akaukata utepe kwa wembe na kuuunga upya, hata wimbo ukatoka ukikoroma kama fisi mwenye pumu. Wa kucheza densi alikuwa Nanzala, karani wa kampuni. Huyo naye! Alirusha miguu kama anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nyaguthii alivumilia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini moyoni alikuwa akitema mate.

Jumamosi sebule ilijaa mpaka madirishani. Kamera ikamlenga Nanzala, na papo hapo Nanzala akatokea kwenye televisheni kando yake, mdogo, wa kijivu. Basi! Watu wakampa kisogo binadamu aliyekuwa akitoka jasho mbele yao, wakakikodolea macho kile kimtu cha kioo.

"Angalia, amegeuka!"

"Wacha! Na huku amegeuka pia!"

Akina mama wakainuka kuipungia kamera mkono. Nyaguthii alipiga piano, tepu ikakoroma juu yake, na hakuna aliyemtazama.

Washamba hawa, akawaza, hasira zikimpanda. Leo atawaonyesha kwamba bila vidole vyake, takataka za Johnstone ni kelele za mashine ya unga. Alipofika pale patamu pa wimbo, akainua mikono, akaikunja kifuani. Akangoja kimya cha piano kiwaumbue.

Kimya hakikuja. Katikati ya mkoromo, tepu iliendelea na piano yake ya mazoezi, ile aliyorekodiwa wiki nzima, Nanzala akazidi kuruka, vigelegele vikapasua dari. Johnstone alimtupia macho ya kumsihi. Nyaguthii akatazama pembeni, mikono vile vile, kwa kiburi tu, mpaka mwisho.

Makofi yalipotulia, Mzee Nderitu akasimama. Macho yake hayakuziweza zile picha ndogo, kwa hivyo alikuwa amekaa karibu na piano.

"Mwalimu, mimi niliogopa tutakunyima muziki. Lakini nimekuona na macho yangu. Umekunja mikono, na piano bado inalia kwa hiyo mashine. Sasa hii kubwa ni ya nini?"

Mikono ikainuliwa kumchagua fahali, hata mikono ya wanakwaya wake. Nyaguthii akamgeukia Johnstone, tayari kumtukana. Johnstone alikuwa amechutama akikusanya nyaya zake, machozi yakimlengalenga.

"Si ungepiga tu, dada," akasema.