Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Dukani kwetu, tunakouza magari ya kasi, mteja hashiki usukani kabla hajalipa. Anakaa kiti cha abiria, naendesha mimi, tukirudi anaamua. Wengi hununa wakiambiwa hivyo, hasa wanaume, maana wametoka nyumbani wakijiona tayari wako barabarani wanatazamwa na mji mzima. Mimi huwaacha waseme wachoke. Gari lenye nguvu ile halina simile, na mtu aliyezoea gari la kupeleka watoto shule akilikanyaga kama lake ataliacha kwenye nguzo ya umeme.

Kazi hii imenifundisha kutazama miguu. Uso unadanganya, mtu atakuchekea huku roho yake iko mkononi. Mguu hauwezi. Nikikanyaga mafuta kwenye barabara mpya ya nje ya mji, kona ya kwanza tu mguu wa abiria unabonyeza sakafu, unatafuta breki ambayo haipo. Nimembeba rubani, nimembeba hakimu, nimembeba jamaa mmoja aliyejiita Simba. Wote walibonyeza. Simba alibonyeza kwa miguu yote miwili.

Basi asubuhi moja akaja mzee mmoja mnene na mkewe. Mzee alikuwa na kiwanda cha madirisha ya alumini, umri umemshika, kakiuza. Gari lao la familia lilikuwa limechakaa kidogo lakini linang'aa, na aliyeliendesha ni yeye. Mkewe alishuka mlango wa nyuma. Nikadhani mbele kuna mzigo.

Mzee alilizunguka gari letu bila haraka. Hakuuliza mwendo, hakuuliza injini, hata rangi hakuitia maanani. Aliuliza jambo moja tu.

"Viti ndiyo hivi viwili? Nyuma hakuna kitu?"

"Nyuma ni injini, mzee."

"Vizuri," akasema, kana kwamba nimempunguzia bei. "Basi apande yeye. Akilikubali nalinunua leo hii. Akilikataa, tunarudi zetu nyumbani."

Meneja akanikonyeza. Maana yake, mbembeleze mama.

Gari lile liko chini sana, kuingia ni kuchuchumaa. Mama aliingia bila kuomba mkono, akajifunga mkanda, akanyoosha gauni lake magotini. Tulipofika barabara mpya nikakanyaga. Kiti kikamsukuma mgongoni, akasema "Aa!" mara moja, basi. Kona ikaja. Nikatupa jicho chini. Miguu yake imetulia tuli, kiatu kimoja juu ya kingine, utadhani yuko sebuleni anangoja chai. Kona ya pili, vilevile.

"Mama, wewe huogopi?"

"Naogopa sana, mwanangu. Kwani vipi?"

"Miguu yako. Kila anayekaa hapo hukanyaga breki."

Akaitazama miguu yake kama ya jirani. "Breki gani? Mimi mtu wa nyuma. Kule nyuma ukikanyaga, unapiga teke kiti cha mwenzio."

Nikapunguza mwendo. Sikumuuliza zaidi, mambo ya mume na mke mimi simo. Ila nimeona kwamba watu wawili wanaotazama mbele, bila kutazamana usoni, huambiana mambo wasiyoweza kuambiana mezani.

Akaanza mwenyewe. Gari lao la kwanza walilinunua kwa kuchanga, yeye akiwa na cherehani, mumewe akiwa fundi wa madirisha wa kutembeza vifaa mgongoni. Siku ya kulitoa kwa mara ya kwanza alivaa akapendeza, akaenda mlango wa mbele. Akamkuta mama mkwe keshakaa. Mumewe akamwambia, majirani wote wakisikia, "Wewe pita nyuma." Akapita nyuma. Mama mkwe akakikalia kile kiti mpaka Mungu alipomchukua.

"Siku tunatoka kumzika, mume wangu akanifungulia mlango wa mbele," akasema. "Nikamwambia asante, nimezoea nyuma. Tangu hapo hajaniambia neno kuhusu jambo hilo, nami sijamwambia."

"Ni zamani, mama?"

"Mjukuu wetu wa kwanza keshaota ndevu."

Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu yeye hakuwa anacheka.

"Sasa anataka gari lisilo na nyuma," akaendelea. "Nikae mbele bila yeye kufungua mdomo. Jasho lake lote la kiwanda analimwaga hapa ili tu asitamke neno moja. Mwanamume huyo!"

"Utamwambia nini?"

"Sijui." Akanyoosha tena gauni lake magotini, nami nikajifanya nina shughuli na vioo. "Nikilikataa, atajua sitaki kukaa naye. Na si kweli, ninataka. Nikilikubali, nimemsamehe bila kuombwa. Hebu niambie wewe, ungefanyaje?"

Nikageuza gari.

Mzee tulimkuta amesimama palepale tulipomwacha, kahawa ya meneja imempoa mkononi. Nikashuka. Mama hakushuka. Mzee akaenda upande wake, akajaribu kuinama, tumbo likamzuia, ikabidi apige magoti sakafuni. Magoti yakalia. Meneja alitaka kumkimbizia kiti, nikamshika mkono.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Kiti kizuri," mama akasema. "Mama yako angekipenda."

Nilidhani mzee atanyanyuka aondoke zake. Meneja naye alidhani hivyo, maana aliniangalia kana kwamba nimeharibu mimi. Lakini mzee alibaki palepale, ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

"Ilinipasa nimwambie mama yangu akae nyuma," akasema.

"Lini?"

"Siku ile. Nilijua palepale kwamba nimekosea. Niliuona uso wako kwenye kioo."

"Na siku nyingine zote?"

"Hizo pia nilikuwa nakuona kwenye kioo. Kila siku. Niliona aibu, mke wangu. Kadiri siku zilivyopita ndivyo aibu ilivyozidi." Alikuwa analia, mtu mzima yule, mbele ya meneja na dada anayefagia. "Nisamehe."

Mimi si mtu wa machozi. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

"Ungesema hivyo tu," mama akasema, "gari letu lingetosha."

"Najua. Sasa nimesema."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Alimpa mkono, wakanyanyuana, nami sikuweza kujua nani anamwinua nani. Meneja akauliza kwa adabu kama aandae karatasi. Wao walikuwa wameshaelekea mlangoni.

Nikawasindikiza nje. Mzee akaufungua mlango wa mbele wa gari lao, akasimama ameushikilia, hathubutu hata kusema karibu. Mama akasimama pia. Akakitazama kile kiti muda mrefu. Kisha akavua mkoba wake begani, akauweka pale, akausukuma ukae vizuri.

"Leo mkoba," akasema. Akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaingia.

Mzee akaufunga mlango wa mbele taratibu, akazunguka, akakaa, akawasha gari. Likaanza kupiga kelele kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda. Mzee akauvuta mkanda, akaufunga ule mkoba, akaujaribu kwa mkono kuona kama umebana. Kisha akatazama kushoto na kulia, akaondoka polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitoka pale.