Majaribio ya Alhamisi

Mtaa mzima ulimwita Moja-Mbili, kwa sababu maneno hayo aliyasema kwenye maikrofoni mara nyingi kuliko alivyomsalimia mkewe. Alikodisha vyombo vya sauti kwa sherehe. Kazi yake aliijua nje ndani, na alijua kwamba anaijua, jambo lililomfanya awe mgumu kidogo kuvumilika.

Jumatatu moja aliingia binti aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Akaomba spika kubwa kuliko zote.

"Watu wangapi, dada?"

"Themanini. Ukumbi wa shule."

"Basi mbili za kawaida zinatosha na kubaki. Ukichukua hizo kubwa, wageni watakula wameziba masikio."

"Muziki haunihangaishi, kaka. Ni baba. Koo limemsumbua mwaka mzima, sasa ananong'ona tu. Anataka kusema siku hiyo, na mimi nataka asikike hadi kwa waliosimama mlangoni."

Hapo akawa amemgusa Moja-Mbili penyewe. Akamweleza kwamba spika hukuza kile tu inachopewa, kwa hiyo kazi yote iko kwenye maikrofoni. Itakaa kwenye stendi, ikikaribia kugusa midomo ya mzee. Spika zitakaa mbele yake zikitazama wageni, maana sauti yake ikirudi kwenye maikrofoni zitapiga mluzi wa kutoboa masikio. Na kwenye mikisa, ile meza ndogo ya vitufe inayogawa sauti, njia ya mzee itafunguliwa sana na nyingine zote zitafungwa.

"Lakini lazima aje kujaribu mwenyewe," akamaliza. "Sauti ya mtu siikisii."

Mzee alikuja Alhamisi saa tisa mchana, amevaa koti la harusi kabisa. Binti alipotaka kuingia naye, akamzuia mlangoni.

"Ukiyasikia leo," akanong'ona, "Jumamosi utalilia nini?"

Binti akacheka, akavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani kujaribu gauni lake.

Moja-Mbili hakuwasha spika, asije akajaza mtaa dukani. Alivaa hedifoni, akamwambia mzee ahesabu moja hadi kumi. Mzee akatikisa kichwa. Hakuvaa koti lile ili ahesabu. Akaanza hotuba yake yote, mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na mbili, mbele ya msikilizaji mmoja.

Msikilizaji mwenyewe macho yake yalikuwa kwenye taa za mikisa. Kijani, sawa. Njano, sawa. Nyekundu, sauti imezidi, punguza. Alikata mvumo, akalainisha mikwaruzo, akafuatilia pumzi. Mara tatu taa nyekundu iliwaka, mara tatu akapunguza, kisha akarudisha kitufe mahali pake, bila kujiuliza mtu wa kunong'ona amezipata wapi nguvu hizo. Mwishoni akabandika utepe wa karatasi chini ya vitufe, akachora alama kwa kalamu na kuandika BABA. Ndivyo alivyofanya kwa kila msemaji, ili siku yenyewe asibahatishe.

"Nimesikika?" mzee akauliza.

"Kila kitu, baba. Mpaka pumzi."

Mzee akafurahi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake asubuhi hakuamka.

Harusi ikaahirishwa. Siku ya kumi na moja binti alirudi dukani, macho yamevimba. Moja-Mbili akampa pole, naye akaipokea kama mtu aliyechoka kupokea pole.

"Nimekuja kuuliza baba alisema nini," akasema. "Hakuandika popote, nimepekua hadi mifuko ya koti. Mama alishatangulia. Wewe peke yako ndiye uliyemsikia. Au ulirekodi?"

Hakurekodi. Nani anarekodi majaribio?

Moja-Mbili akayatafuta maneno ya mzee, akakumbuka taa tu. Angeweza kutunga. Maneno ya baba kwenye harusi yanajulikana: vumilianeni, heshimianeni, mkikwama njooni nyumbani. Binti angeyabeba maisha yake yote na kuwapa watoto wake. Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi, ndipo akaona aibu, akaumeza.

"Dada, nisamehe. Maneno sikuyafuata. Nilikuwa nasikiliza sauti tu."

Binti hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa juu ya spika moja, polepole, mikono mapajani, na Moja-Mbili akajichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia tangu azaliwe. Macho yakamkimbilia kwenye mikisa. Utepe ulikuwa bado pale.

"Kuna neno moja," akasema. "Nalikumbuka kwa sababu lilinisumbua. Alikuwa ananong'ona vizuri tu, akilifikia hilo, taa nyekundu inawaka. Kifaranga. Nikadhani anasimulia habari za kuku."

Binti akafunika uso kwa viganja.

"Ni mimi," akasema humo humo ndani ya viganja. "Aliniita hivyo nyumbani. Nilipoanza shule nikamkataza, nilikuwa naona haya mbele ya wenzangu. Hakuniita tena hata siku moja." Akashusha viganja. "Alilisema mara ngapi?"

"Mara tatu." Moja-Mbili akatazama utepe. "Na mara zote tatu nilimpunguza."

"Lilikuwa na nguvu kiasi gani?"

Moja-Mbili akaona afadhali amwonyeshe. Akawasha mikisa, akapeleka vitufe kwenye alama za utepe, akasogeza midomo pale pale iliposimama midomo ya mzee.

"Kifaranga."

Kijani. Akapandisha sauti. Njano. Yeye ni mtu mwenye mapafu mazima, aliyezoea kuitana na wenzake kutoka mwisho hadi mwisho wa ukumbi. Ilimbidi ajaze kifua na kupaza hadi fundi cherehani ng'ambo ya barabara akasimamisha mashine yake. Ndipo taa nyekundu ikawaka.

Kwa mazoea, mkono wake ukaenda kwenye kitufe. Binti alishasimama, akaushika.

"Rudia," akasema. "Usipunguze."