Mwiko wa Aiman

"Nguruwe," alijibu Aiman, na ukumbi mdogo wa hosteli pale Mabibo ukaangua kicheko.

Hata yeye alicheka, maana alijua amechekesha. Alikuwa amesimama mbele yao, shati limechomekwa vizuri kama mtu aliyekuja kuposa, akisubiri kupokelewa katika umoja wa wanafunzi wenye asili ya Bukoba. Kokushubila, mwenyekiti, aliinamisha uso akajidai anatafuta kalamu. Alikuwa amecheka na wenzake, kisha akajutia.

"Huo ni mwiko wa dini, braza," alisema Leodegar, katibu, kwa upole wa mtu anayejua ameshashinda. "Sie tunauliza wa ukoo. Mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo wako hawali tangu enzi za mababu."

"Babu yangu kaja toka ng'ambo, kauza vitenge Bukoba mpaka akazikwa huko," Aiman alisema. "Baba kazaliwa huko, na mie pia. Lakini mwiko mwingine sijaambiwa."

Desturi hiyo waliikuta. Mgeni husimama, hutaja ukoo na mwiko wake, kisha wenyeji hunyoosha mikono kumkubali. Mwanzoni mwa muhula Mshauri wa Wanafunzi alikuwa amewaita viongozi wa vyama vyote akawaambia bila kuzunguka: chama kitakachomkataa mwanafunzi kwa sababu ya kabila, dini au asili yake kitafutwa. Leodegar alitoka kwenye kikao kile akitabasamu. "Sie hatumkatai mtu," alisema. "Tunamuuliza tu." Na Kokushubila, Mungu amsamehe, aliona hilo ni jibu la akili.

"Kwani unatafuta nini kwetu?" Herieth aliuliza kutoka viti vya nyuma, wala hakuuliza kwa ubaya. "Si kuna chama cha dini yenu, tena kina watu wengi kuliko sie?"

"Nimo," alijibu Aiman. "Lakini mama yake Brightson alipofariki, nyie mlikodi basi mkaenda kuzika. Brightson nalala naye chumba kimoja. Yule mama nimekula kwake tangu mtoto. Nikaambiwa basi ni la wanachama. Nilibaki hosteli, nikafua nguo."

Brightson, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, alitazama sakafu. Leodegar akakohoa.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Asiye na ukoo tutamweka wapi?"

Swali lile lilimchoma Kokushubila pasipostahili kuchomwa mwenyekiti. Yeye alizaliwa na kukulia Kibamba, hapahapa jijini. Mama yake ni Mbena wa Njombe. Baba yake, ambaye ndiye angemwambia habari za ukoo, alifariki kabla binti hajajua kuuliza. Siku yake ya kujitambulisha alisimama palepale aliposimama Aiman, ulimi ukagoma. Akainuka Leodegar. "Huyu ni dada yangu," alisema. "Ukoo wetu mmoja, mwiko wetu pongo." Mikono ikanyooka yote. Baadaye alimfuata nje akamuuliza alijuaje. "Sikujua," Leodegar alimjibu. "Lakini jina lako na sura yako vinatosha."

Alimpenda kwa hilo, upendo wa mtu aliyeokotwa. Tangu siku ile akawa na kaka. Malaria ilipomlaza, Leodegar ndiye aliyemletea ndizi za kupika mpaka mlangoni. Uchaguzi ulipofika, ndiye aliyepita chumba kwa chumba akimwombea kura. Mtu wa namna hiyo humvui nguo mbele za watu.

"Tumalize, jamani," Leodegar alisema. "Dada, waambie wanyooshe mikono."

Kokushubila akasimama. Kazi ilikuwa nyepesi. Angetamka neno moja, mikono ingebaki mapajani, na hakuna ambaye angekuwa amemkataa mtu. Alimtazama Aiman, akaona bado anatabasamu, tabasamu la kuwarahisishia kazi. Hofu ikampanda. Huko kwa baba yake hakuwa na ndugu mwingine anayemjua zaidi ya Leodegar, naye alikuwa wa kupewa.

"Kaka Leo," alisema. "Siku yangu mie nilisimama hapohapo, sikuwa na la kusema. Mwiko ulinipa wewe. Wa kwake atampa nani?"

Waliokuwa wakinong'ona wakaacha, wakamgeukia katibu. Leodegar alimtazama Kokushubila kwa muda mrefu, uso wake umemshuka. Huenda ilikuwa hasira, huenda ilikuwa aibu, naye Kokushubila hakuweza kuzitenganisha. Kisha Leodegar akamgeukia Aiman.

"Pongo unamjua?"

"Simjui. Ni samaki?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Ni mnyama wa porini," alisema Leodegar taratibu. "Usije ukamla."

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Brightson. Ukafuata wa Herieth, kisha mingine, si yote. Leodegar alikwisha kaa, macho ameyaelekeza mlangoni. Kokushubila alitaka kumshukuru. Alifungua kinywa, akagundua hajui tena amwite nani.