Mkutano Ng'ambo ya Reli

Delfina Azevedo alitakiwa kuitilia sahihi sentensi moja tu: "Kamati imeridhika kwamba fedha za hatifungani zimetumika kama wapiga kura walivyoidhinisha." Meya mwenyewe, Herminio Bettencourt, ndiye aliyempa ripoti yenye sentensi hiyo, Delfina alipokwenda kula kwake Jumapili baada ya misa. Aliiweka mezani kando ya bakuli la sopas, supu ya Kireno ya nyama na mkate, akalaza kalamu juu yake, akaendelea kumega mkate kana kwamba amemletea kadi ya harusi.

Kwa Delfina, Herminio hakuwa meya tu. Ndiye aliyembeba kanisani siku ya ubatizo. Tangu aanze kusema alimwita Padrinho, yaani baba wa ubatizo kwa Kireno, na baba yake alipofariki, Padrinho ndiye aliyeshika nafasi yake bila kuombwa. Mji wa Almendra ulipopiga kura kukopa kwa hatifungani ili ujenge majengo ya usalama, ya zimamoto na ya polisi, sheria ilitaka iundwe kamati ya wananchi watano wa kuangalia matumizi. Padrinho akalipendekeza jina la Delfina. "Ni mwalimu wa darasa la nne," aliwaambia wenzake barazani. "Mpole, ana adabu." Wanakamati nao wakamvika uenyekiti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

"Tia sahihi, mwanangu, chakula kinapoa," alisema Padrinho.

"Kituo cha zimamoto kiko wapi?"

"Kimo kwenye awamu ya pili."

"Karatasi ya kura ilisema kitakuwa cha kwanza."

"Gharama zimepanda, Delfina. Saruji, nondo, mafundi, kila kitu. Na polisi walikuwa wanafanyia kazi chini ya dari inayovuja."

"Na sasa wana ukumbi wa mazoezi, na chemchemi ya maji mlangoni."

"Ile chemchemi ni mapambo!"

"Basi ikiwaka nyumba ng'ambo ya reli, tutakuja na ndoo tuteke kwenye mapambo."

Padrinho aliweka kijiko chini. Mkewe, ambaye Delfina alimwita Madrinha, mama wa ubatizo, alijifanya kwenda kutazama jikoni.

Reli iliukata mji wa Almendra katikati kama mshono mbaya. Upande wa magharibi kulikuwa na ofisi za mji, hospitali, benki, na kituo pekee cha zimamoto. Upande wa mashariki waliishi watu wa mashamba ya lozi, wa viwanda vya maziwa, wa maghala. Barabara ya kuvuka ilikuwa moja, na treni za mizigo zilikuwa ndefu kuliko mji wenyewe. Zilipita taratibu, na nyingine zilisimama kabisa pale kivukoni kungoja njia, watoto wakachelewa shule na wajawazito wakajifungulia garini.

Mwezi wa Oktoba nyumba ya Mee Xiong ilishika moto mchana kweupe. Delfina alisimama barabarani na mpira wa kumwagilia bustani mkononi, na king'ora cha gari la zimamoto alikisikia vizuri kabisa. Kilikuwa hapo tu, nyuma ya mabehewa ya mahindi, kikilia na kulia. Treni ilipomaliza kupita, nyumba ya Mee ilikuwa imebaki nguzo nyeusi. Hakufa mtu, safari ile. Delfina alikaa nyumba tatu kutoka pale, na bibi yake, ambaye hainuki kitandani bila kushikwa na watu wawili.

"Unajua kamati yenu ni kitu gani?" Padrinho alisema sasa kwa sauti ya chini. "Ni macho tu. Hamwezi kuzuia hundi, hamwezi kumfukuza mtu, hamwezi kumshitaki mtu. Macho hayana mikono."

"Mbona basi unayahitaji sana haya macho?"

Wote wawili walijua jibu. Nusu ya hatifungani ilikuwa haijauzwa. Wanunuzi walikuwa watu wa miji ya mbali wasiojua Almendra iko wapi, na kitu cha kwanza watakachosoma ni ripoti ya kamati. Kamati ikiandika kwamba haikuridhika, watarudisha pesa zao mfukoni mpaka waelezwe kulikoni.

Delfina aliirudisha kalamu upande wa pili wa meza. "Tutaijadili mkutanoni, Padrinho."

Usiku ule alizisoma tena kanuni za kamati, zile zilizoandikwa na watu wa mji wenyewe. Padrinho alisema kweli. Kwa kila jambo kamati ilikuwa haina la kufanya. Isipokuwa jambo moja dogo ambalo labda aliyeandika alikuwa amechoka, au hakuona lina madhara. Mwenyekiti atachagua mahali pa kukutana, popote ndani ya mipaka ya mji.

Kesho yake alibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi za mji. Mkutano ungekuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwenye kiwanja cha Mtaa wa Quince, ng'ambo ya reli.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mji. Kilinunuliwa kwa pesa za hatifungani, kikapigwa picha pamoja na viongozi wenye kofia za plastiki na makoleo yaliyopakwa rangi ya dhahabu, kikasahauliwa. Siku ile ya Alhamisi haradali ya mwituni ilikuwa imechanua hadi magotini, na katikati yake palisimama ubao uliopauka: HAPA KITAJENGWA KITUO CHA ZIMAMOTO. Ukitazama ng'ambo ya barabara uliziona nguzo nyeusi za nyumba ya Mee.

Watu walikuja na viti vyao. Vilikuja viti vya bustani, viti vya kanisa, ndoo zilizopinduliwa, na familia moja ilishusha kiti kizima cha gari. Mee, naye mwanakamati, alileta sinia la sambusa ndefu za Kihmong, za kabila lao la huko Asia, na kulizungusha kama yuko kwenye sherehe. Mwanakamati mwingine, Mzee Orval Tackett, alifika na kiti chake cha kuvulia samaki, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Mzee huyo alikuwa wa chama cha walipa kodi, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiunga mkono matumizi yoyote ya serikali, hata ya taa za barabarani.

Wakili wa mji, Bi. Thornquist, alikuwa amewahi. Alisimama ukingoni mwa kiwanja, visigino vya viatu vyake vikizama udongoni.

"Delfina, kuna ukumbi," alisema. "Una kiyoyozi. Una vipaza sauti. Una choo!"

"Hapa si ndani ya mipaka ya mji?"

"Ni ndani, lakini..."

"Karibu kiti basi, Bi. Thornquist. Hicho cha gari ndicho laini zaidi."

Watu wakacheka. Wakili akaketi kwenye kiti cha gari, mkoba mapajani.

Kengele za kivuko zilianza kulia wakati huohuo. Vizuizi vikashuka, na treni ya mizigo ikajitokeza, ikajikokota, ikapiga kwikwi mara mbili, ikasimama. Kutoka ng'ambo ya pili, nyuma ya mabehewa, ikasikika honi ya gari. Kila mtu aliijua honi ile. Meya alikuwa anakuja mkutanoni, na kwenye gari lake walikuwamo wale wanakamati wawili waliobaki, ambao walikuwa wameshasema wataipitisha ripoti kama ilivyo.

"Piga king'ora, Herm!" mtu alipaza sauti. "Labda treni itakuonea huruma!"

"Mwambieni sisi tumezoea, atazoea na yeye!"

Mzee Orval alimwinamia Delfina, macho yakimmeremeta. "Mwenyekiti. Tuko watatu kati ya watano. Akidi imetimia. Piga kura sasa hivi, tumalize, twende zetu."

Mee naye alimtazama. Ilikuwa rahisi hivyo. Hoja, mikono mitatu juu, na ile sentensi imekufa. Na kama angengoja, ni nani ajuaye? Mee alikuwa na mume anayefanya kazi ya bustani za mji. Mzee Orval hatabiriki. Ungeweza kumpoteza kwa neno moja tu lililotajwa vibaya kuhusu kodi.

"Tunangoja," alisema.

"Unangoja nini, mtoto wewe? Mungu amekuegeshea treni nzima!"

"Tukipiga kura bila wao, kesho watasema tumewavizia, na watakuwa hawajakosea. Nataka wakae hapa. Nataka kama ni kusema wameridhika, waseme huku wanaitazama nyumba ya Mee."

Mzee Orval alitema ganda. "Ungekuwa unacheza karata na mimi ningekula nyumba yako," alinung'unika, lakini akaketi.

Wakangoja. Honi iliita, ikanyamaza, ikaita tena kwa hasira, na kila ilipoita watu walipiga makofi. Sambusa zikaisha. Treni iliposogea hatimaye na gari la meya kuvuka, Padrinho alishuka uso mwekundu, tai imelegea, wanakamati wake wawili wakimfuata kama watoto waliochelewa shule.

Alianza kusema kabla hajafika. "Jambo hili ni kichekesho! Mkutano wa serikali porini..."

"Meya," Delfina alimkatiza, "kuna muda wa maoni ya wananchi. Utapata dakika tatu kama kila mtu."

"Mimi ni meya!"

"Barazani. Hapa wewe ni mwananchi."

"Dakika tatu, Herm!" wakaitikia watu. "Kama unavyotupa sisi!"

Padrinho alisimama mbele ya ubao uliopauka. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya kampeni. Alisema dari ya kituo cha zamani cha polisi ilimwangukia askari kijana, na yeye ndiye aliyekwenda hospitalini kumwona mama wa kijana yule. Alisema bei ya jengo ilipanda kila mwezi na alilazimika kuchagua. "Sijala hata senti moja," alisema. "Nendeni mkaangalie. Sijala!"

"Hakuna aliyesema umekula," alisema Mee. Hakuwa amesema neno tangu mkutano uanze. "Tunasema uliahidi."

Padrinho alimgeukia Mzee Orval. "Orval, wewe uliupinga mkopo huu tangu siku ya kwanza. Leo unataka tutumie zaidi?"

"Niliupinga, na ningeupinga tena," alisema Mzee Orval. "Lakini mmenikata kodi ya kituo cha zimamoto. Nikinunua ng'ombe siletewi chemchemi."

Kicheko kilipotulia, Padrinho alikuwa anamtazama Delfina peke yake. "Mwanangu," alisema, na haikuwa tena sauti ya mkutanoni. "Mimi ndiye niliyekubeba. Nilikushika mkono kaburini kwa baba yako. Leo unanisimamisha kwenye magugu mbele ya watu, unanihesabia dakika?"

Delfina alitazama saa yake kwa sababu hakuweza kumtazama yeye. Alikumbuka mkono ule kaburini, mkubwa, wenye harufu ya nyasi za ng'ombe. Alimpenda. Alikuwa hajapata kumpenda kama dakika ile.

"Muda wako umekwisha, Padrinho," alisema. Sauti ilifika hadi barabarani.

Kisha akasoma hoja. Sentensi ile ifutwe, na mahali pake iandikwe: "Kamati haijaridhika. Wapiga kura waliahidiwa kwanza kituo cha zimamoto ng'ambo ya reli, na hakijajengwa."

"Naunga mkono hoja," alisema Mee. Alitazama chini mara moja, pengine akimfikiria mumewe, kisha akanyanyua uso na mkono kwa pamoja. Mkono wa Mzee Orval ukapanda, ukiwa umejaa maganda ya alizeti. Delfina akaunyanyua wake. Wale wawili walipiga kura ya hapana. Waliipiga kwa sauti ndogo, macho yakikwepa ng'ambo ya barabara, na mmoja wao alilazimika kurudia ili isikike.

Watu hawakushangilia mara moja. Ilikuwa kama hawakuamini kwamba jambo kubwa hivyo huisha kwa mikono mitatu. Kisha kelele ikapanda, na mtu akaanza kuupiga ule ubao kama ngoma.

Bi. Thornquist aliinuka kwenye kiti cha gari, akajipangusa. "Ni halali," alimwambia meya kwa upole. "Baraza litalazimika kuijibu hadharani kabla hatujauza hatifungani zilizobaki. Itabidi useme kituo kitaanza kujengwa lini, Herminio. Kwa tarehe."

Padrinho aliitikia kwa kichwa, polepole. Akamsogelea Delfina aliyekuwa anakunja kiti.

"Muhula wako unaisha Juni," alisema. "Sitakurudisha."

"Juni bado, Padrinho. Kuna mikutano mitatu kabla yake, na yote itakuwa hapa hapa."

"Na Jumapili usije kula."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alilaza kiti begani ili apate kitu cha kushika.

"Nitakuja," alisema. "Madrinha atanifungulia mlango. Na ukihama meza, nitakufuata na sahani yangu."