Sura Itarudi Foleni Ikisonga

Saa tatu kasorobo asubuhi foleni ya dirisha namba tatu, ofisi ya vibali, ilikuwa imeshafika kwenye ngazi, na Binti Cherehani alikuwa mtu wa tisa. Jina hilo hakupewa na mama yake. Ni lile aliloliandika chini ya hadithi zake kwenye simu, lakini lilikuwa limemkaa kuliko la kwenye cheti.

Mama yake alikuwa fundi nguo: cherehani moja, baraza moja la kupanga, na wateja wa kubana viuno na kubadilisha zipu, maana bei zilivyopanda watu hawashoni nguo mpya, wanafufua za zamani. Wiki tatu nyuma watu wa manispaa walipita wakachora msalaba mwekundu kwenye nguzo ya baraza. Asiye na kibali kipya mpaka Alhamisi, Ijumaa gari linakuja kubeba kilichopo.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Hii ilikuwa safari ya nne. Ya kwanza, picha zilikuwa na kivuli. Ya pili, mtia saini alikuwa semina. Ya tatu, faili halikuonekana. "Njoo Alhamisi," karani alimwambia, kama mtu anayefukuza kuku.

"Leo usiniletee maneno," mama alisema alfajiri, pini zimemjaa mdomoni. "Niletee karatasi. Na hiyo simu iache mfukoni. Hadithi haijawahi kutia uzi kwenye sindano."

"Nitakuja nayo, mama."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kutoa sura mpya, na watu elfu tisa waliingoja. Hadithi yenyewe hakuianzisha yeye. Ilitoka kwenye tamthilia ya televisheni, ile ya familia ya kitajiri ambayo hata asiyekuwa na televisheni anaijua. Humo mlikuwa na yaya. Waliomtunga walimsingizia wizi, wakamtoa getini na mfuko wa nailoni, kisha wakamsahau, kamera ikarudi sebuleni. Binti Cherehani alinuna wiki nzima. Halafu akamfuata yaya nje ya geti, na sasa alikuwa amemfuata sura thelathini. Alikuwa pia na hadithi yake mwenyewe kabisa, ya fundi nguo na wateja wake. Hiyo ilikuwa na wasomaji sitini na wawili, wawili kati yao binamu zake.

Ilipogonga saa tatu foleni ilikuwa inatembea vizuri, naye akaona kwa nini apoteze muda. Akabonyeza. Sura ya thelathini na moja ikaenda.

Foleni ikasimama.

Mbele yake alikuwa mzee mmoja, mlinzi mstaafu, mwenye bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa cha kufutia jasho. Nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni.

"Haraka haraka haina baraka," yule mama akasema kwa kejeli baada ya dakika kumi.

"Kweli kabisa," mzee akajibu. "Lakini polepole hii nayo ina laana yake. Mimi foleni hii niliianza nikiwa na meno."

Nyuma ya kioo karani alikuwa ameinamia kitu chini ya kaunta. Watu walimwita Mama Muhuri, kwa kuwa muhuri aliufunga kamba akauvaa shingoni kama mwamuzi na filimbi yake. Mkono mmoja ulikuwa umelalia fomu ya mtu aliyesimama mbele yake. Ghafla akacheka peke yake.

"Mwenzangu," akamwambia karani wa dirisha namba mbili, "yaya kakabidhiwa ufunguo. Nyumba ileile."

"Usinimalizie. Mimi bado niko sura ya ishirini na nane."

"Bosi wake wa zamani ndiye anayebisha hodi sasa hivi, mvua inamnyeshea."

"Atamfungulia?"

"Subiri nifike."

Binti Cherehani akasikia masikio yanapata moto. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ni mtoto wa fundi nguo. Kwanza, tusifichane, alifurahi. Hakuwahi kumwona msomaji wake uso kwa uso. Furaha ilidumu mpaka yule mtoto wa mgongoni alipoanza kulia.

Akapiga hesabu. Urefu wa sura aliujua, aliuandika mwenyewe: kurasa ishirini na sita, kwa sababu wasomaji walilalamika kuwa anawapunja. Zikiisha hizo, kuna kusoma maoni. Yakiisha maoni itakuwa saa nne, na saa nne Mama Muhuri huweka kibao cha NIMETOKA KIDOGO, na kidogo yake huwa inarudi saa nane. Gari la manispaa halitangoja.

Angeweza kwenda kugonga kioo aseme ni mimi. Angepokewa kama bibi harusi na kupewa muhuri papo hapo, peke yake. Akaiangalia bahasha ya mzee. Akaona hapana.

Aliitoa simu. Sura ya thelathini na moja akairudisha kwenye rasimu, isisomeke tena, na mahali pake akaweka maneno machache:

*Wapenzi wasomaji, mwandishi wenu yuko foleni, ofisi ya vibali, dirisha namba tatu, tangu saa moja na nusu. Foleni imesimama kwa sababu anayehudumia anasoma. Sura itarudi foleni ikisonga.*

Nyuma ya kioo Mama Muhuri alifungua ukurasa mwingine, akakunja uso. "Mtandao huu," akasema. Akaitikisa simu, akafungua tena. Midomo ikaanza kucheza taratibu, ikasimama. Kichwa kikainuka kama cha mtu aliyesikia jina lake likitajwa msibani. Akaiangalia foleni, uso mmoja baada ya mwingine. Kila mtu alikuwa na simu mkononi.

"Nani hapa..." akaanza. Swali lile halikuwa na namna ya kuulizwa.

Kwenye simu maoni yalikuwa yanaporomoka. *Mimi niko dirisha la maji tangu alfajiri.* *Mimi la vyeti vya kuzaliwa, mtoto ameshaanza shule.* Na moja lililomchekesha mpaka akaziba mdomo: *Mimi niko upande wa ndani wa dirisha. Narudi kazini, msinitukane.*

Muhuri ukaanza kulia. Pa. Anayefuata. Pa. Anayefuata. Mzee alipotoka dirishani alikuwa anaitazama bahasha yake kama si yake.

"Saini mbili tu," akasema. "Miezi mitano, kumbe ni saini mbili."

Zamu yake ilipofika, Mama Muhuri aliivuta fomu bila kuinua macho. Kazi: ushonaji. Vifaa: cherehani moja. Mwombaji: mama. Mleta fomu: binti. Kidole kikasimama kwenye neno cherehani, kikarudi kwenye neno binti.

"Wewe," akasema.

"Naam, dada."

"Faili lako halion..." Ulimi ulikuwa umeshazoea, lakini mkono ukautangulia. Faili lilikuwa chini ya chupa ya chai, na duara la kahawia juu ya jalada. Akalifungua, akapiga muhuri, akatia saini. Binti Cherehani aliangalia saa ya simu. Dakika moja.

"Na sura?" karani akanong'ona.

Binti Cherehani akageuka, akahesabu. "Bado watu kumi na wanne."

"Si umeshapata chako?"

"Nimepata, ahsante."

"Unajua ningeweza kulipoteza hili faili mpaka uote mvi?"

"Najua. Na watu elfu tisa wanajua niko dirisha gani."

Karani alishusha pumzi kwa pua. "Ile hadithi yako nyingine, ya fundi, niliiachia sura ya pili. Haina mapenzi."

"Fika ya tano."

"Basi niambie hilo tu. Anamfungulia?"

"Anayefuata," Binti Cherehani akasema, akampisha mama mwenye mtoto.

Alikaa kwenye benchi, kibali mapajani. Simu ikaita.

"Umepata?" mama akauliza. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Nimepata."

"Basi unangoja nini huko?"

"Nimepata mimi tu, mama. Nakuja."

Saa nne ilipita, kibao cha NIMETOKA KIDOGO kimelala kifudifudi. Dirisha namba tatu lilibakiwa na watu sita. Lakini kwenye foleni ya dirisha namba mbili hakuna aliyekuwa amesogea tangu saa tatu. Karani wake ameinama, anatabasamu. Alikuwa amefika sura ya ishirini na tisa.

Binti Cherehani akaitoa tena simu.